Magari ya kuundia nyumbani: Kodi ndiyo iliyofungua mlango

KITABU kilichochapishwa Uingereza mwaka 1996 na kampuni ya Haynes, inayofahamika zaidi kwa vitabu vyake vya ufundi wa magari, kilibeba ahadi nzito kwenye jalada lake: msomaji anaweza kujiundia gari la spoti kwa pauni 250 tu.

Mwandishi wake, Ron Champion, alikuwa mwalimu katika Shule ya Oundle, huko Northamptonshire. Hakuwa na kiwanda. Alichokuwa nacho ni michoro ya fremu, orodha ndefu ya vipimo, na imani kwamba mtu mwenye mashine ndogo ya kuchomelea, grenda, dirili na Ford Escort chakavu anaweza kuingia bandani kwake na kutoka na gari jingine kabisa.

Gari lenyewe lina sura ya kizamani. Boneti ni ndefu, madigadi za mbele zimejitenga na bodi na kufunika tairi kama kofia, taa zimesimama peke yake pembeni, na milango ya chuma haipo. Dereva anakaa chini kiasi kwamba akinyoosha mkono anakaribia kugusa lami. Lilipewa jina la Locost, mchezo wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya gharama ndogo, huku likikumbusha jina la Lotus, kampuni iliyobuni sura hiyo mwaka 1957.

Wengi waliosoma kitabu hicho walianza kukata chuma. Baadhi yao wanaendesha magari yao hadi leo. Wengine walimaliza fedha, au nafasi, au uvumilivu wa familia, wakabaki na fremu yenye kutu chini ya turubai. Tofauti kati ya makundi hayo mawili mara nyingi haikuwa ufundi wa kuchomelea. Ilikuwa hesabu, na kujua mapema serikali itataka nini siku gari litakapoomba namba.

Mwanafunzi na Austin iliyokosa mnunuzi

Habari ya magari haya haianzii kwa Champion. Mwaka 1947, Colin Chapman, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akisomea uhandisi wa miundo katika Chuo Kikuu cha London cha University College, alikuwa na biashara ya pembeni ya kununua na kuuza magari yaliyotumika. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imemalizika miaka miwili tu nyuma. Magari mapya yalikuwa adimu, na chochote kilichoweza kuwaka na kutembea kilipata mteja.

Kisha mwishoni mwa mwaka huo serikali ikaondoa mgao wa msingi wa petroli kwa raia. Mtu asiye na petroli hanunui gari. Soko likaanguka kwa mkupuo, na Chapman akabaki na mali aliyoshindwa kuiuza: Austin Seven.

Austin Seven ilikuwa gari dogo la watu wa kawaida, lililoundwa kuanzia mwaka 1922 hadi 1939, kwa jumla ya magari takriban 290,000. Injini yake ilikuwa na ujazo wa 747cc, ndogo kuliko za pikipiki nyingi kubwa za leo. Lakini spea zake zilijaa kila mahali, chasisi yake ilikuwa nyepesi, na mtu asiye na karakana kubwa aliweza kuifungua yote kwa spana za kawaida. Mfanyabiashara wa kawaida angeiuza kwa bei ya hasara. Chapman aliivua bodi.

Kazi hiyo aliifanya katika gereji ndogo nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams, kaskazini mwa London. Alijenga bodi mpya kwa mbao za plaiwudi zilizogandishwa na bati la alumini, akitumia yale aliyofundishwa darasani kuhusu namna paneli zinavyobeba mzigo zikishikiliana. Gari hilo likakamilika mwaka 1948 na kuitwa Lotus Mark I. Lilikuwa la mashindano ya kupanda vilima vya matope, yaliyokuwa yakipendwa sana na vijana wasio na fedha nyingi.

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kuwavutia wasomaji wa kurasa za biashara. Chapman hakulikumbatia gari lake la kwanza. Alilitangaza kwenye jarida, na mwaka 1950 likauzwa, huku yeye akiwa tayari na la pili. Mark I ilichukuliwa na mnunuzi kutoka kaskazini mwa Uingereza na haikuonekana tena. Mwaka 2018, kampuni ya Lotus ilipotimiza miaka 70, ilitoa wito kwa umma kuangalia mabanda na gereji za zamani ili kulitafuta.

Januari Mosi, 1952, Chapman alianzisha Lotus Engineering kwa mtaji wa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel, ambaye walifunga ndoa miaka miwili baadaye. Ofisi ilikuwa kwenye mazizi ya zamani ya farasi nyuma ya hoteli ya baba yake, mtaa wa Hornsey. Kutoka hapo ikapatikana timu iliyotwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji wa magari ya Formula One mara saba, kati ya mwaka 1963 na 1978. Chapman alifariki dunia Desemba 1982 akiwa na miaka 54. Tangu mwaka 2017 hisa nyingi za Lotus ziko mikononi mwa Geely ya China.

Kuuza vipande badala ya gari

Hata hivyo, mtaji wa pauni 25 hauwezi kulipa mafundi wa kuunganisha magari mengi. Hapo ndipo mbinu ya Chapman ilipokutana na sheria ya kodi.

Uingereza ya wakati ule ilitoza kodi ya manunuzi kwa magari mapya. Katikati ya miaka ya 1950 kiwango kilifika asilimia 60 ya bei ya jumla. Lakini kodi hiyo ilitozwa kwa gari lililokamilika. Aliyeuziwa vipande na kuviunganisha mwenyewe nyumbani hakudaiwa.

Kuanzia gari lake lililoitwa Mark VI, Chapman akawa anauza fremu ya mabomba membamba pamoja na paneli za alumini, na mteja akitafuta injini yake ya Ford au ya MG. Fremu peke yake ilikuwa na uzito wa takriban kilo 25, yaani nusu ya gunia la saruji. Hata fremu na paneli hizo hazikutengenezwa na Lotus. Zilitoka kwa mafundi wawili jirani waliokuwa na karakana zao. Magari zaidi ya 100 ya aina hiyo yalitoka kabla ya mwaka 1956. Kwa maneno mengine, mteja ndiye aliyekuwa nguvukazi ya kiwanda, na aliilipia nafasi hiyo kwa furaha.

Mwaka 1957 ikaja Lotus Seven. Ikiwa imekamilika pamoja na kodi, bei yake ilikuwa pauni 1,036. Ikiwa vipande, pauni 536. Karibu nusu ya bei ilikuwa kodi na kazi ya mikono, na yote hayo yaliondoka kwa mteja aliyekuwa tayari kutumia mwisho wa juma kadhaa na boksi la spana.

Wakusanya kodi hawakuwa wajinga. Kanuni zilikataza vipande hivyo kuuzwa pamoja na maelekezo ya kuviunganisha, kwa hoja kwamba gari lenye maelekezo kamili ni gari lililokamilika kwa jina jingine. Lotus ikatafuta upenyo: kanuni hazikusema lolote kuhusu maelekezo ya kulifungua gari. Basi mteja akapewa karatasi zinazoeleza hatua kwa hatua namna ya kuifungua Seven hadi nati ya mwisho. Kazi yake ilikuwa kuzisoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo.

Mwaka 1973 mlango huo ukafungwa. Uingereza ilijiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, na kodi ya manunuzi ikabadilishwa na Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo haijali kama bidhaa ni gari zima au ni sanduku la vipande. Lotus, iliyokuwa inataka kuhamia kwenye magari ya bei kubwa zaidi, haikuona tena sababu ya kuendelea na Seven. Haki za kuitengeneza zikauzwa kwa Caterham, biashara ya Graham Nearn iliyokuwa wakala wake kusini mwa London.

Wengi wangetarajia gari la mwaka 1957 lililopoteza nafuu ya kodi life kimyakimya. Halikufa. Caterham bado inauza Seven, ikiwa nzima au ikiwa vipande, na mwaka 2021 ilinunuliwa na kampuni ya Kijapani, VT Holdings. Kumbe kodi ilikuwa imewafundisha wateja tabia, na tabia ilibaki baada ya kodi kuondoka. Watu walikuwa wamegundua kwamba kuliunda gari ni sehemu ya kile walichokuwa wakinunua.

Kazi bandani

Tatizo la vipande vya kampuni ni bei yake. Ndiyo maana kitabu cha Champion kilipokelewa kwa shangwe. Hakikuuza vipande, kilimwambia msomaji avitengeneze.

Chuma kikuu ni bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, lenye unene wa ukuta wa kama milimita 1.6. Fundi yeyote wa mageti na madirisha Dar es Salaam au Mombasa analijua bomba hilo kwa jina la skwea paipu, na pengine anayo mabaki yake nyuma ya kibanda. Hakuna chuma cha siri. Siri iko kwenye mpangilio.

Fremu inapangwa kwa pembetatu, kwa sababu ile ile inayomfanya seremala aweke mbao za mshazari kwenye kenchi za paa. Umbo la pembe nne likisukumwa kwenye kona hulala upande. Likiwekewa bomba la mshazari haliendi popote mpaka bomba lenyewe lipinde au lichomoke. Gari la namna hii halina bodi nzito ya kulishikilia. Fremu ndiyo kila kitu. Bomba moja la mshazari likiachwa kwa uvivu, gari litajikunja kwenye kona na breki zitalivuta upande.

Muundaji huanza na meza bapa, mara nyingi ubao mkubwa wa plaiwudi uliokazwa vizuri. Juu yake anachora sakafu ya gari kwa ukubwa wake halisi. Mabomba yanakatwa, ncha zake zinasawazishwa kwa tupa hadi zikutane bila mwanya, kisha yanabanwa mahali pake kwa vipande vya mbao vilivyopigiliwa kwenye ubao.

Hapa ndipo pupa inapoharibu kazi. Chuma kikichomelewa hupata joto, na kikipoa hunywea na kuvuta jirani yake. Anayechomelea kiungo kimoja hadi mwisho kabla ya kuhamia kingine atamaliza akiwa na fremu iliyopinda kama ndizi. Utaratibu sahihi ni kushika viungo vyote kwanza kwa nukta ndogo, kupima mshazari kutoka kona hadi kona pande zote mbili, na vipimo vikilingana ndipo kuanza kuchomelea kikamilifu, kidogo upande huu, kidogo upande ule.

Mashine za kuchomelea kwa fimbo, zinazotumika zaidi kwenye mageti, hutoboa kwa urahisi ukuta mwembamba wa bomba hilo. Waundaji wengi wa Uingereza hutumia mashine ya waya yenye gesi. Asiyejiamini hushika viungo kwa nukta nyumbani, kisha hupeleka fremu kwa fundi mwenye cheti akamalize. Hakuna aibu katika hilo. Kiungo kinachobeba mikono ya gurudumu si mahali pa mtu kujifunzia.

Baada ya fremu, gari lililonunuliwa likiwa bovu linachinjwa. Escort za kizazi cha kwanza na cha pili, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1968 na 1980, zilifaa kwa sababu injini ilikaa mbele kwa urefu na kusukuma magurudumu ya nyuma. Injini, giaboksi, ekseli ya nyuma pamoja na difu yake, rejeta, usukani na breki vyote vilihama. Propela shafti ilikuwa ndefu mno kwa gari jipya, hivyo ilikatwa na kuunganishwa upya katika karakana yenye mashine ya kuisawazisha, maana ikizunguka bila usawa hutikisa gari zima.

Mikono ya mbele ya kushikilia magurudumu inatengenezwa kwa mabomba ya duara. Sakafu ni bati la chuma, ubavuni ni bati la alumini lililopigwa ribiti. Pua ya gari na madigadi, vyenye mikunjo migumu kuipata kwa nyundo, wengi hununua vikiwa tayari vya faibaglasi.

Likikamilika, gari huwa na uzito wa kilo 500 hadi 600 hivi. Ndiyo sababu injini ya kawaida ya Escort, iliyokuwa ikimpeleka mwalimu shuleni na kurudi, ndani ya fremu hii inageuka kuwa kitu cha kuogofya kidogo. Klabu ya 750, iliyoanzishwa mwaka 1939 na wapenzi wa Austin Seven na ambamo Chapman mwenyewe alishindana akiwa kijana, baadaye iliyatengenezea magari haya mashindano yake.

Pauni 250 zinaishia wapi

Hesabu ya Champion haikuwa uongo, lakini ilikuwa hesabu ya mtu mwenye subira na macho makali. Ilitegemea kupata Escort iliyoshindwa ukaguzi kwa bei ya chuma chakavu, kuuza sehemu zake zisizohitajika, na kutolipia saa za kazi hata moja. Aliyehesabu muda wake kama fedha alikuwa amepotea tangu siku ya kwanza.

Wengi wamejikuta wakitumia maelfu ya pauni. Fremu haikuwa tatizo. Mabomba ni rahisi. Fedha huishia kwenye vitu vidogo ambavyo havionekani kwenye picha: tairi nne, mabomba mapya ya breki, shokapu, nyaya za umeme, mikanda ya viti, kioo cha mbele, rangi, mpira wa kila tundu ambamo waya unapita. Kila kimoja kinaonekana kidogo, na kila kimoja kinanunuliwa kwa bei ya rejareja.

Upande mwingine wa hesabu hiyo ndiyo biashara. Karakana ndogo za Uingereza zimejipatia riziki kwa kuwauzia waundaji pua za faibaglasi, mikono ya magurudumu iliyochomelewa tayari, hata mabomba yaliyokwishakatwa kwa vipimo vya kitabu na kufungwa kama kuni. Mtu huyo huyo aliyeapa kutengeneza kila kitu kwa mkono wake, baada ya majira mawili ya baridi bandani huwa mteja mzuri sana.

Escort nazo zimegeuka. Wasomaji wa Afrika Mashariki wenye umri wanazikumbuka kwenye mashindano ya Safari: mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alishinda akiwa na Escort na kuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kufanya hivyo, na mwaka 1977 Björn Waldegård wa Sweden akashinda tena kwa Escort. Umaarufu huo wa kwenye mbio umezifanya zitafutwe na wakusanyaji, na zinaonekana pia katika mashindano ya magari ya kale yaliyoanza kukimbizwa Kenya na Tanzania mwaka 2003. Leo anayeikata Escort nzima ili atoe injini ya Locost anachoma fedha.

Waundaji wakahamia kwenye Ford Sierra, na mwaka 2007 Haynes ikatoa kitabu kingine, cha Chris Gibbs, kilichotumia gari hilo. Sierra nazo zilipoadimika, wengi wakageukia Mazda MX-5 ya Kijapani, ambayo nayo ilibuniwa kwa kuangalia magari madogo ya spoti ya Kiingereza. Wako pia wanaotia injini ya pikipiki. Australia magari ya umbo hili huitwa Clubman, na huundwa kwa injini zinazopatikana huko, nyingi zikiwa za Toyota.

Milimita mbili na nusu

Zamani gari la kuundia nyumbani Uingereza lilihitaji makaratasi machache. Mwaka 1998 serikali ikaanzisha ukaguzi wa gari moja moja kwa magari yasiyotoka kiwandani, na mwaka 2009 ukaguzi huo ukabadilishwa na mwingine mkali zaidi.

Mkaguzi hutumia siku nzima, au karibu yake, na gari moja. Anatazama kama kona zozote za nje ambazo mpita njia anaweza kuzigusa zimeviringwa. Kipimo ni nusu kipenyo cha milimita 2.5, na anapitisha mpira wa kipenyo cha milimita 100 kuona ni sehemu zipi zinafikiwa. Nati iliyochomoza, ukingo wa bati la alumini, kishikio cha taa: vyote vinaweza kulirudisha gari nyumbani. Ndiyo maana magari haya siku ya ukaguzi huonekana yamevishwa kofia za plastiki kila mahali.

Breki zinapimwa, na magurudumu ya nyuma hayaruhusiwi kujifunga kabla ya ya mbele, kwa sababu gari likifanya hivyo kwenye lami yenye maji hugeuka kinyumenyume. Nguzo ya usukani lazima ijikunje gari likigonga, isije ikamchoma dereva kifuani. Mikanda, vioo na taa vinatakiwa viwe na alama ya kuidhinishwa. Kelele zinapimwa, na moshi pia.

Kabla ya yote hayo, mwenye gari anatakiwa athibitishe kwamba kweli aliliunda mwenyewe kwa matumizi yake. Picha za kila hatua na risiti ndizo ushahidi. Anayefanya kazi nzuri lakini hatunzi karatasi hupata taabu kuliko anayechomelea vibaya, kwani mbaya anaweza kurekebisha. Gari ambalo asili ya vipande vyake haijulikani hupewa namba inayoanzia na herufi Q, ambayo wanunuzi wengi wanaikwepa.

Si jambo la ajabu gari kushindwa mara ya kwanza. Mwenye gari hupewa orodha, hurudi bandani, hurekebisha, hulipia tena.

Ukali huo unaweza kuonekana kama kikwazo, lakini ndio uliowaokoa. Nchi ambayo ukaguzi wake umeandikiwa viwanda tu haina pa kumweka mtu mwenye gari moja. Uingereza ilimwekea dirisha lake, ikamwandikia masharti, na mwenye kuyatimiza anapewa namba ya barabarani kama mwingine yeyote.

Kwa Afrika Mashariki mantiki ya vipande na kodi si ngeni. Ushuru wa Pamoja wa Forodha ulioanza mwaka 2005 uliweka asilimia 25 kwa magari yaliyokamilika kutoka nje, huku vipande vya kuunganishwa hapa vikipewa nafuu. Ni hoja ile ile ya miaka ya 1950: aliyeleta kazi nyumbani apunguziwe. Lakini nafuu hiyo ilikusudiwa viwanda vya kuunganisha, kama vile vya Mombasa na Thika. Fundi mwenye skwea paipu na injini ya Toyota iliyotolewa kwenye ajali hakufikiriwa katika mizania hiyo.

Yanayouzwa nusu

Huko Uingereza kuna soko jingine linalokua pembeni mwa waundaji, nalo ni la magari yaliyoishia njiani. Mtu ameoa, amehama, amepata mtoto, au amechoka tu, na fremu iliyomla maelfu inauzwa kwa sehemu ndogo ya gharama yake. Mwenye akili ya biashara hununua hapo, kwa sababu aliyetangulia ameshalipa bei ya kujifunza.

Hata hapo tahadhari inahitajika. Wanaojua huenda na kamba ya kupimia na kulinganisha mishazari ya fremu kabla hawajaiangalia rangi. Huangalia viungo vya mikono ya mbele kwa ndani, mahali ambapo mchomeleaji alilazimika kulala chali. Huuliza namba ya gari lililochinjwa, risiti za mabomba, picha za fremu ikiwa bado uchi juu ya ubao. Karatasi inayoonyesha mwaka wa injini ikikosekana, bei hushushwa tena, kwa kuwa umri wa injini ndio unaoamua ni kipimo gani cha moshi gari litapaswa kufaulu.